Mildred na Ukuta wa Ng'ang'a

Mildred Awuor alijua kusoma mwaka wa 1981, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Mchana alifua nguo za watu, jioni alikwenda kwenye kanisa la mtaa wa Kabiro, kwenye darasa la ngumbaru, la watu wazima. Kila asubuhi alikaa kwenye hoteli ya Ng'ang'a akisoma gazeti la jana, neno kwa neno, mpaka chai ikapoa.

Dalmas, mchoraji wa mabango, alipopewa kazi ya kupamba ukuta wa hoteli hiyo, alimchora vile vile: kichwa kimeinama, kidole kwenye mstari, hana habari na dunia.

Wateja walicheka. "Mama wa kufua amekuwa profesa!"

Ng'ang'a akaona haya. "Dalmas, futa hilo gazeti. Mpe birika la chai."

Mildred akaweka kikombe chini. "Ukimpa birika, toa na uso wangu. Huyo wa birika mimi simjui."

"Mama, ukuta ni wangu."

"Na kusoma ni kwangu."

Akachukua brashi ya Dalmas, akaandika chini ya picha, kwa herufi kubwa: MILDRED AWUOR ANASOMA.

Ng'ang'a alimfukuza, lakini picha hakuigusa, maana watu walianza kuja kuitazama. Mildred akahamia hoteli ya ng'ambo ya barabara. Alichagua kiti cha mlangoni, ambapo Ng'ang'a angemwona kila asubuhi, akafungua gazeti lake.