Makopo Chini ya Vitanda

Mawese yaliyochanganywa na mafuta ya taa yana harufu nzito inayokwama kooni. Niliinusa juzi kwa jirani, nikajikuta nimerudi utotoni kwetu Nyamianda, miaka michache baada ya uhuru, uasi ulipokuwa umepamba moto.

Mama alikuwa amempokea Mama Nzigire, aliyekimbia vita Kamanyola akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Walipewa kitanda changu. Mimi, mwenye miaka tisa, nikahamia mkekani na kinyongo changu.

Haikupita wiki, tukaamka sote na vipele. Kunguni! Shangazi, aliyeishi nasi, hakupepesa macho: “Ni ule mugeni aliwaleta.”

Mama hakupenda kumhukumu mtu bure. Alitafuta makopo ya nyanya, akaweka dogo ndani ya kubwa, akayapaka mchanganyiko ule, kisha akasimamisha kila mguu wa kila kitanda katika kopo dogo. Mdudu anayeshuka kutoka kitandani angenasa kwenye dogo. Anayetoka sakafuni, kwenye kubwa. Kiota kingejulikana.

“Weye Sifa, utaangalia kila asubuhi,” aliniambia. “Macho tu, hapana mikono.”

Asubuhi ya kwanza, makopo ya mgeni yalikuwa matupu. Chini ya kitanda cha shangazi, kwenye makopo madogo, walinasa kunguni saba. Lakini mimi nilitaka kitanda changu. Nikawachota kwa kijiti, mmoja mmoja, nikawatia katika kopo dogo la kitanda cha Mama Nzigire, naye amelala ameelekea ukutani. Kisha nikaita watu.

Mama aliinama, akatazama. “Haizuru, Mama Nzigire. Tutamwagia kitanda maji ya moto. Haiko zambi.”

Lakini yeye alikuwa ameshaanza kumfunga mtoto mgongoni. Alisema ana shemeji Makobola. Mama alimsihi, akamweleza kwamba barabara ya Fizi, inayopita huko, imejaa watu wenye bunduki. Mgeni alishukuru kwa mikono miwili. Mlangoni akanishika kichwa.

“Lala muzuri, mwana wangu. Miye, tangu vita, usingizi yangu iko nyepesi.”

Siku ya tatu kunguni wakanasa tena chini ya kitanda cha shangazi. Mama alinitazama, kisha akaenda kuchemsha maji ya kumwagia kitanda kile. Mapigano yakafika barabara ile mwezi huohuo. Habari za Mama Nzigire hatukuzipata tena.

Miaka mingi baadaye nilikimbia vita nyingine, nikalala nyumba ya watu na mwanangu kifuani, nikisikia kila kishindo cha nyayo. Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno yake. Alikuwa macho asubuhi ile. Angesema neno moja tu, ningechapwa mimi, naye angebaki.