Siku Mlenda Ulipomkataa Shangazi

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kubishana na mtu, niliamini kwamba mlenda, ile mboga yetu ya majani ya kuteleza, una macho. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyeniambia, na Bibi hakuwa mtu wa kutania mbele ya chakula. Niliishi naye kijijini, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka Mvumi, na kila jioni nilimwona akiinua upawa juu ya chungu, uzi wa kijani ukining'inia mrefu bila kukatika.

"Mlenda unamjua anayeupika," alikuwa akisema. "Ukiwa unaficha kitu, unageuka maji. Huwezi kuudanganya."

Kwetu uzi ule ulikuwa kama cheti. Mchumba akija na watu wake, msichana aliwapikia ugali wa uwele na mlenda mkavu uliopondwa, kisha mama wa mchumba aliinua upawa mbele ya watu wote. Uzi ukivutika, vigelegele. Ukikatika, sijui, kwa sababu mpaka nilipofika darasa la tatu nilikuwa sijaona ukikatika.

Leo nasoma chuo kikuu hapa Dodoma, na nikipanda jukwaani kwenye mdahalo wapo wanaotamani nipoteze sauti. Naweza kukueleza habari ya mlenda kwa dakika moja na muda ukabaki: majani yana ute, yakikaushwa yanakakamaa, magadi yanayalainisha na kuutoa ute wake. Basi. Hakuna macho. Lakini hoja hiyo nimeipata nikiwa nimechelewa sana, na aliyeihitaji hakuwa mimi.

Aliyeihitaji ni Shangazi Roda, mdogo wa mwisho wa baba yangu. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, akifanya kazi saluni mjini, Makole. Wiki moja kabla ya wakwe kuja alirudi nyumbani kujiandaa. Alishuka na begi lake, akapiga goti mbele ya Bibi aliyekuwa anapepeta uwele uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mama! Ni mimi, Roda."

"Roda wangu namjua. Wewe umevaa uso wa nani?"

Shangazi alicheka, lakini nilimwona akishika shavu lake. Alikuwa amebadilika kweli. Uso wake ulikuwa na rangi ya chai yenye maziwa mengi, na vifundo vya vidole vyake vilibaki vyeusi, kama vile vidole ni vya mtu mwingine aliyeachwa nyuma. Hakuficha. Alitoa kikopo chake cha krimu akakiweka dirishani, pale pale jikoni, kila mtu akione.

"Yona kaninunulia," alisema. Yona ndiye alikuwa mchumba wake. "Anasema inanipendeza."

"Siku ya wageni usijipake," Bibi akamwambia, wala hakucheka. "Ukipika na uso huo mlenda hautakujua. Nakuonya, Roda."

"Mama, mlenda ni majani."

"Nimekuonya."

Mimi nilikuwa upande wa kikopo. Lazima niseme hivyo, maana ndiyo kweli. Shuleni waliniita Masizi. "Masizi, pita huku, usituchafue madaftari!" Kila siku, na mwalimu akisikia anatabasamu. Kumbe kulikuwa na dawa! Asubuhi nilikaa karibu na Shangazi nikimtazama anavyochanganya krimu na losheni nyingine kiganjani, anakoroga kwa kidole kimoja, anapaka kuanzia kidevuni kwenda juu.

"Siri yote ni kuchanganya," aliniambia siku moja, kwa sauti ya kumfundisha mtu kazi. "Moja peke yake haifanyi kitu."

"Na mimi nipake?"

"Wewe? Wewe ni mzuri hivyo hivyo. Toka hapa."

Sikumwamini. Angekuwa anaamini maneno yale, angejiambia mwenyewe.

Alipokwenda kisimani nilichota krimu kwa ncha ya kidole, kidogo sana ili asigundue. Ilikuwa kama punje ya maharage, haiwezi kutosha hata shavu moja. Nikakumbuka siri: kuchanganya. Na pale rafuni palikuwa na kopo la magadi. Nilifikiri kwa akili yangu yote ya miaka tisa. Magadi yanalainisha mlenda uliokauka. Yanalainisha maharage magumu kama kokoto. Uso wangu utayashindaje? Nikayakoroga na krimu na maji kidogo, nikaenda nyuma ya zizi, nikapaka. Siku tatu mfululizo nilifanya hivyo. Siku ya tatu nilisikia moto mashavuni, nikajinawisha nikilia kimya kimya, na nilipotazama ndani ya kopo nikaona bati tupu la chini.

Yale magadi Bibi alikuwa ameyatunza kwa ajili ya wageni. Mama mchuuzi aliyekuwa akituletea alipita mara moja kwa mwezi, na alikuwa amekwisha pita.

Darasani mimi ndiye niliyekuwa nakusanya vipande vya chaki na kuvirudisha kwenye boksi la mwalimu. Siku hiyo vingine viliishia mfukoni mwangu. Nilivisaga juu ya jiwe la Bibi mpaka vikawa unga mweupe, nikajaza kopo mpaka pale magadi yalipokuwa yamefikia. Kwa macho usingetofautisha. Nilijisifu, kusema kweli. Nilijiona mjanja.

Bibi aliona uso wangu mwekundu, ngozi inachubuka, akasema ni upepo wa kiangazi, akanipaka samli. Shangazi alinitazama, akafungua mdomo, kisha mtu akamwita kutoka nje.

Wageni walifika Jumamosi mchana wakitokea Mtera: Yona, mama yake, na wajomba wawili, na kifurushi cha samaki wakavu kilichonukia hadi barabarani. "Mbukwenyi!" Bibi aliwalaki kwa salamu ya kwetu, nao wakaitikia, vigoda vikaletwa. Yona alikuwa amevaa shati jeupe, anatabasamu kwa kila mtu.

Jikoni tulikuwa wawili, Shangazi na mimi. Kazi yangu ilikuwa kuni. Alikuwa amejipaka asubuhi ile kama kawaida, maana Yona anakuja, na jasho lilikuwa linateremka usoni likiacha mifereji. Alimpenda yule mtu, hilo hata mtoto aliliona.

"Nipe magadi," akasema.

Hapo. Nimekirudia kipindi hicho kichwani mara nyingi kuliko kitu chochote maishani mwangu. Ilikuwa hatua tatu mpaka rafuni na hatua tatu kurudi. Ningeweza kusema, "Shangazi, siyo magadi." Bado angepata muda wa kumtuma mtu kwa jirani. Ningechapwa, yangeisha. Badala yake nilimpa kopo, kwa mikono miwili, kwa adabu.

Akatia. Akakoroga. Akangoja, akakoroga tena.

"Mbona hauvutiki?" alijisemea. Akaongeza. "Jamani, mbona hauvutiki?"

Majani yalikuwa yanazunguka chunguni kama takataka kwenye dimbwi, maji upande wao, majani upande wao. Nje sauti ya Bibi ikaita kwamba wageni wana njaa.

Mama yake Yona aliinua upawa. Maji yakadondoka: to, to, to. Aliinua tena, juu zaidi, kama mtu anayetaka kila mmoja ashuhudie. To, to.

Kisha yule mama akaweka upawa chini, taratibu, akamtazama Shangazi kuanzia uso mpaka vidole, akabaki kwenye vidole.

"Binti huyu ametoka dukani," alisema. "Hata mlenda wa kwao haumjui."

Mjomba mmoja akacheka. Shangazi alimtazama mama yake. Alikuwa anangoja neno moja tu, hata kikohozi. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nilimwambia," Bibi akasema. "Nilimwonya mbele ya huyu mtoto."

Wote wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa.

Na Yona? Yona aliyenunua kikopo, Yona aliyesema inampendeza, alikuwa anaupindua ugali kwenye sahani yake kama anatafuta sindano. Hakusema kwamba krimu ameinunua yeye. Mpaka leo nikisikia mwanaume anapanda jukwaani kutuhutubia kwamba wasichana hatujipendi, namwona Yona na shati lake jeupe, na damu inanichemka. Waliaga wakisema watatuma jibu. Jibu halikuja.

Jioni Shangazi alikuwa anaosha chungu uani. Nilimwona akipitisha kidole chini, ambako unga mweupe ulikuwa umetulia, akakilamba. Nilidhani anaonja chumvi. Akanitazama usoni, hapa mashavuni, kwa muda. Kisha akamwaga yale maji mbali na kuku, akaendelea kusugua.

Kesho yake alirudi Makole, na kikopo alikichukua. Bibi alipata hadithi ya kuwaonyea wasichana. Kila aliyechumbiwa aliambiwa habari ya Roda, na kila mara Bibi alinitaja mimi kama shahidi. Alifariki nikiwa kidato cha pili, akiamini kwamba aliona kwa macho yake onyo lake likitimia. Na kweli lilitimia. Sikuwahi kumwambia kwa mkono wa nani.

Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo chuoni kuhusu krimu za kubadili ngozi, na mimi nilizungumza mwisho kwa upande wetu. Nilisema ni dhuluma mara mbili: mwanamke anaambiwa rangi yake haifai, akiibadilisha anaambiwa si mwaminifu. Nikasema, "Kuna mwanamke ninayemfahamu, walimhukumu kwa chungu cha mboga." Nikasimulia yote: uso, vidole, upawa, Yona. Ukumbi ulisimama. Tukashinda. Na wakati wananipigia makofi niliwaza kwamba nimesimulia kila kitu isipokuwa chaki.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake. Shangazi anaishi Makole bado, chumba kimoja na baraza, hana mume. Saluni aliacha. Krimu nazo aliacha, lakini zenyewe hazijamwacha: mashavuni ana mabaka, ngozi imekuwa nyembamba mno, jua la saa nne tu linamchoma. Alikuwa amejifunika khanga kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Kaa kwenye jiko wewe. Mimi moto umenikataa."

Nilichochea mkaa. Nilipanga kusema kwa ufasaha, nina sifa hiyo, lakini maneno yalitoka yamevurugika.

"Shangazi, ile siku ya wageni, yale hayakuwa magadi. Ilikuwa chaki. Niliyamaliza mimi. Nilikuwa najipaka."

Hakushtuka. Aliendelea kuchambua karanga kwenye ungo.

"Nililamba," alisema. "Nilisoma shule mimi pia, mwanangu. Ladha ya chaki naijua."

"Ulijua? Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Niwafuate Mtera mbio, niwaambie mtoto wa kaka yangu kauchoma uso wake kwa magadi ili afanane na mimi? Wangeuliza kajifunza wapi." Alipuliza maganda. "Na mama angekuua. Uso wako ulikuwa umeshaungua tayari. Niliona inatosha."

"Lakini ungeolewa."

"Na Yona?" Akatoa mlio wa dharau kwa ulimi, kisha uso wake ukatulia. "Sijui. Pengine. Nilimtaka sana, usinilazimishe kusema sikumtaka."

Nilitegemea aseme kwamba nilimwokoa kwa mwanaume mwoga. Ndivyo ningemalizia kama ingekuwa hotuba yangu. Hakusema, na sina haki ya kumsemea.

"Kinachoniuma si mlenda," akaongeza baadaye, macho yamo kwenye ungo. "Kinachoniuma ni kwamba mama alikubali haraka vile."

Niliuchochea mkaa tena.

Nimemkatalia Bibi hadharani mara nyingi, na nitaendelea kumkatalia. Mlenda hauna macho, na msichana hapimwi kwa uzi wa mboga. Lakini hasira yangu yote, ambayo wenzangu huisifu, sasa naijua ilikoanzia. Haikuanzia kwa Yona wala kwa mama yake. Ilianzia kwenye zile hatua tatu kutoka rafuni. Bibi alisema mlenda unamkataa mwenye kuficha kitu, na siku ile jikoni aliyekuwa anaficha alikuwa mmoja tu. Kikopo cha Shangazi kilikuwa dirishani. Baada ya siku ile tukawa wawili, kwa sababu yeye aliamua kunificha mimi.

Maji ya mlenda yalichemka. Shangazi akanisogezea kopo.

"Tia wewe," alisema. "Onja kwanza."

Nikachovya kidole, nikaonja. Yalikuwa magadi. Nikatia, nikakoroga mpaka ukalainika, kisha nikaupakua kwenye bakuli bila kuinua upawa.