Fungu la Mjomba

Juzi, katika duka moja pale Same, niliona nyama ya kopo, nikasikia harufu ya koti la baba siku aliporudi Usangi kutoka vitani. Alilifungua kwa kisu kopo la Wazungu alilokuja nalo, mafuta yakang'aa. Kwetu kila ndugu alikuwa na fungu lake la nyama, kwa hiyo bibi akamuuliza, "Mwanangu, hii ni sehemu gani ya ng'ombe? Mjomba wako nimpelekee fungu lipi?"

Baba alilichungulia kopo. Mimi nilidhani ng'ombe wa Wazungu hawana mifupa, nikawahurumia wajomba wa kule.

Bibi aliigawa kwa kijiko, nyumba hadi nyumba, yeye akalamba kijiko.

Nililinunua lile kopo la dukani. Nyama nikaila yote peke yangu, wala hakuna aliyeniuliza fungu lake liko wapi.