Mama Paulina yumo kwenye daftari

Mke wangu kajiandikisha kupiga kura. Shida ni kwamba nilimzika kijijini Sigino miaka mitatu iliyopita.

Msicheke kwanza.

Leo asubuhi nimekwenda kukagua majina yaliyobandikwa ukutani pale mtaani kwetu. Mimi wa darasa la nne nasoma kwa kidole. Kidole kikafika kwenye jina langu. Chini yake, la mke wangu, Mama Paulina.

Nikamwonyesha jina mwandikishaji, binti mgeni hapa Babati, nikamtania: "Nyie, hata kura za marehemu mnazitaka?"

"Shikamoo babu. Mbona bibi alikuja mwenyewe juzi?"

"Marahaba. Alikuja na bodaboda au na jeneza?"

Hakucheka. Akafungua daftari. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba, na mke wangu hakujua kuandika. Dole lilikuwepo, la wino wa bluu, na mstari mweupe umelikata katikati.

Jamani, mkato ule naujua. Ni wa mundu, ulimpata mke wangu tukikata majani ya ng'ombe. Nilimfunga mwenyewe kwa kipande cha kanga.

Binti akasema, "Basi weka sahihi hapa kwamba amefariki, tumfute."

Kila siku humu nawasema wanasiasa wanaopigiwa kura na makaburi. Leo nimepewa kalamu, mkono umekataa.

Sijamfuta. Najua nimekosa, nisemeni tu hapo chini.

Ila siku ya kura nitafika kabla ya wote, nimwone atakayeitikia jina lile.

Na ndevu nitanyoa. Hakuzipenda.