Nimechoma CD nane kwa Linux nikitafuta sauti ya Baba, kumbe nilikuwa nimeitafuta kwa jina lisilo lake

Wakuu, salamu nyingi kutoka Matisi, Kitale.

Mimi hapa huwa nasoma za wenyewe na kujibu maswali ya printer. Leo nina yangu. Ni ndefu kidogo, na sijaongeza chumvi. Mwenye shaka aje dukani, CD zilizoharibika bado ziko kwa droo.

Nina kaduka ka kuchapisha na kutengeneza kompyuta. Kwa kona kuna desktop ya zamani, inatumia Linux, na bado iko na CD writer. Watu huniuliza kama ni ya makumbusho.

Mama yangu anaishi Bokoli, upande wa Webuye. Baba alituacha miaka mitatu iliyopita. Alikuwa karani kwa ofisi ya chief mpaka akastaafu, na baada ya hapo akawa mtu wa ng'ombe wake wawili.

Mwaka huu macho ya Mama yameanza kuisha. Daktari alisema ni presha ya macho, na kile kimeenda hakirudi. Siku moja akanipigia simu.

"Wafula, nataka sauti ya baba yako kwa ledio. Saa hii bado naona mlango. Nikiacha kuona, nitakuwa nakaa na nani?"

Ledio. Haya, sisi watu wa Bungoma mnatujua na mambo ya l na r. Chekeni mmalize, tuendelee.

Nikamwambia nitamletea simu nzuri nimuwekee kila kitu. Akakataa kabisa. Ati akigusa hiyo kioo inaenda kwingine, mara inapigia pastor.

Redio yake ni ile Baba alimnunulia, ya CD na kaseti, na anajua kila kitufe kwa kidole.

"Nataka niwe nafungua mimi mwenyewe," akasema. "Si kungoja mtu aje anibonyezee bwana yangu."

Nikamwambia nitamchomea CD.

Sasa niwaambie kuhusu hizo sauti. Nilipohamia Kitale, Baba hakutaka mambo ya kuandika meseji. Alikuwa anajirekodi kwa kasimu kake ka vitufe, anatoa memory card, anaifunga kwa bahasha na kumpa mtu wa kwetu anayefanya biashara ya Suam, kule mpakani na Uganda. Huyo akipita Kitale ananiachia. Mimi nahamisha files kwa kompyuta, narudisha kadi. Baba aliita hizo barua zake za mdomo.

Na hapa ndio pale niliahidi ukweli.

Nilikuwa nasikiliza dakika moja, nikisikia ni ng'ombe na mahindi, nafunga. Zingine sikufungua hata. Nilijiambia nitasikiliza Jumapili. Jumapili ngapi zimepita, Mungu ndiye anajua.

Basi nikakaa kwa mashine nikasearch. Nikaandika barua. Hakuna. Nikaandika rekodi, nikaandika Reuben, maana hilo ndilo jina langu la ubatizo na Baba ndiye alilichagua. Hakuna kitu.

Kompyuta yangu ya kwanza ilikufa kitambo, nikaokoa files zake nikaleta kwa hii ya Linux. Nikaona basi, barua za Baba zilibaki huko. Nilijichukia, wakuu. Mtu amekutumia sauti yake miaka mingi kwa bahasha, na wewe umepoteza zote.

Nilichopata ni clip moja tu, sekunde hamsini, Baba akihutubia harambee ya kanisa. Nikasema hii itatosha.

Kuchoma sasa.

Naweka CD, nabonyeza burn, error. Narudia, error. Nikafungua terminal nikajaribu na wodim, ile programu ya kuchoma CD, ikasema Permission denied. Yaani mashine ni yangu, duka ni langu, na naambiwa sina ruhusa!

Kumbe user wangu hakuwa kwa group ya cdrom, wale wameruhusiwa kutumia writer. Nikaandika:

sudo usermod -aG cdrom reuben

Nikajaribu tena. Bado. Nikapoteza asubuhi mzima nikitukana Linux, na kosa lilikuwa langu: sikuwa nimelog out. Ukijiongeza kwa group lazima utoke urudi ndio ikutambue. Nilitoka, nikarudi, ikakubali.

Ikaanza kuchoma vizuri. Ikafika asilimia sitini hivi, Input/output error. Sahani ya kwanza imeenda. Ya pili, hapo hapo. Ya tatu, ya nne. Nikafungua writer nikapangusa lenzi na pamba na spirit. Ya tano ikaenda pia.

Nikarudi kwa Mama Njeri, jirani yangu wa duka, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba huku. Nadhani ni yeye peke yake Matisi anauza CD tupu.

"Wewe mtu wa CD, kwani unazikula?" akaniuliza.

Nikamuonyesha. Akaziangalia, akaangalia dirisha la duka lake, akaanza kucheka. Zile zote alikuwa ananitolea dirishani, mahali zimepigwa na jua tangu sijui lini. Akainama chini ya kaunta akatoa katoni ambayo haijafunguliwa.

"Shika hizi. Na umsalimie mama."

Nikapunguza speed mpaka 8. Ikachoma mpaka mwisho. Nilipiga kelele mpaka mteja wa photocopy akashtuka.

Jumamosi hiyo nikaenda Bokoli. Mama alikuwa amepangusa redio, ameivalisha kitambaa safi. Akaweka CD mwenyewe, akabonyeza. Redio ikazunguka, ikazunguka, ikaandika Err.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inasema haijasoma."

"Hata mimi sikusoma," akasema, "na tunaelewana." Lakini niliona vile mikono yake ilirudi kwa mapaja.

Kosa langu hapo ni la aibu kwa mtu wa kazi yangu. Nilichoma file ya MP3 vile ilivyo, kama data. Kompyuta inasoma, lakini redio ya zamani haijui MP3 ni mdudu gani. Inataka audio CD yenyewe. Unabadilisha sauti iwe wav kwanza:

ffmpeg -i sauti.mp3 -ar 44100 -ac 2 sauti.wav

Halafu unachoma:

wodim -v dev=/dev/sr0 speed=8 -dao -pad -audio sauti.wav

Hiyo -dao inachoma mara moja na kufunga CD kabisa. Na tumia CD-R, si CD-RW. Redio nyingi za zamani hazisomi RW.

Nikarudi Bokoli wiki iliyofuata na sahani ya saba. Mama akabonyeza. Redio ikazunguka, kimya kidogo, halafu Baba akatoka.

"Mgeni wa heshima, wazee wa kanisa, mabibi na mabwana..."

Mimi machozi yalinitoka. Nikamgeukia Mama nikitarajia naye analia. Mama alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, anasubiri. Sekunde hamsini zikaisha.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo, Mama."

Akavuta pumzi. "Huyu ni kalani wa chief. Huyu nilikuwa namwachia ofisi. Mimi nilitaka bwana yangu." Akapapasa redio akaizima. "Ziko wapi zile balua?"

"Nilizitafuta, Mama. Nimeandika barua, haziko."

"Balua za Leuben. Alikuwa anakaa hapo kwa hicho kiti anaziandika jina moja moja, miwani kwa pua. Haiwezi kosa. Baba yako hakuachanga kitu bila jina."

Balua za Leuben.

Wakuu, nilisimama katikati ya nyumba kama mtu ameitwa na polisi.

Ofisini Baba aliandika Kiswahili sawa, nimeona mafaili yake, r iko mahali pake na l pake. Lakini kwa simu yake hakuna bosi alikuwa anamsomea. Aliandika vile anaongea. Na mimi, mtoto wa hiyo nyumba, nilikuwa nimemtafuta kwa Kiswahili cha wenyewe.

Jina lenyewe sasa. Mama huniita Wafula. Baba peke yake ndiye alikuwa ananiita Leuben. Siku moja alinitembelea dukani, akasimama mlangoni na kuku kwa mfuko, akaita kwa nguvu, "Leuben!" Wateja wakacheka. Mimi nikaona haya. Nikamwambia mbele yao, "Baba, ni Reuben. Sema R."

Akasema, "Sawa." Akakaa kwa benchi, akanywa soda, akaenda. Hiyo ndiyo mara ya mwisho alikuja Kitale.

Jumatatu nilifungua duka saa moja, nikafunga mlango nyuma yangu, nikaandika:

find /home -iname "*balua*"

Zikashuka. balua ya leuben. balua ya leuben ya pili. balua ya mvua. balua ya ngombe amezaa. Kumi na moja. Zilikuwa hapo hapo, kwa folder nilikuwa nimeiita "old stuff". Sikuwa nimepoteza hata moja.

Nilitaka kuzisikiliza zote hapo hapo. Mkono ulikuwa kwa mouse. Halafu nikaona hapana. Nimemuacha huyu mzee akiongea peke yake miaka yote, leo nisimsikilize kwa kujificha. Nikajaribu sekunde mbili mbili tu kuhakikisha sauti iko, nikabadilisha zote kuwa wav. Zilikuwa dakika sabini na kidogo, zikaenea kwa sahani moja. Speed 8. Ikachoma bila error hata moja.

Bokoli, mara ya tatu. Sahani ya nane. Mama akaiweka, akabonyeza.

"Leuben, ni mimi baba yako. Hapa tuko salama. Mama yako anasema nisimalize chaji ya simu, lakini yeye ndiye amemaliza sukali."

"Ongo!" Mama akapigia redio kelele. "Sukali ni wewe!"

Tukakaa hivyo. Mvua imekataa, mvua imekuja, ng'ombe amezaa. Baba akinitajia mtu amekufa, ananyamaza kidogo, halafu anakohoa na kuendelea. Nyuma ya sauti yake unasikia kuku, unasikia sufuria, unasikia Mama mwenyewe akimwita chakula. Mama alikuwa anajibu kila kitu. Mimi nilikuwa nangoja tu kila mwanzo, pale anasema Leuben, halafu nangoja ingine.

Ya kumi na moja ilianza tofauti.

"Sasa wewe, ile siku uliniambia nasema jina lako vibaya. Si kuwa nimekasilika. Nimekuwa nafanya mazoezi nikikamua. Ng'ombe ndiye ananisikiliza. Ngoja." Kimya. "Lll. Rrr. Rrreuben. Umesikia? Reuben. Nimeipata. Nikikuja tena Kitare sitakuaibisha."

Halafu ikaisha.

Mama alicheka mpaka akashika tumbo. "Na mimi nilikuwa nafikili anafukuza ndege kwa mahindi! Kila asubuhi, rrr, rrr!"

Mimi sikuweza kucheka. Hiyo memory card ilifika kwangu, niliihamisha na mikono yangu, na sikuifungua. Baba alingoja nimwambie nimesikia. Hakuna siku nilimwambia. Alishikwa na ugonjwa miezi michache baadaye, na mpaka mwisho, kwa simu na kitandani, aliniita Reuben, na mimi nikafikiria tu kwamba amezoea.

Ningepewa siku moja tu, ningesimama kwa mlango wa duka wateja wakiwa wamejaa, aite vile anataka, aite mpaka Kitale mzima isikie.

Nilipokuwa naondoka, Mama alikuwa ameshapapasa kitufe cha kurudisha, na Baba alikuwa anaanza tena ya kwanza. Hakunisindikiza. Alikuwa na mgeni.

Basi funzo, wakuu. La mashine: angalia group ya cdrom na ulog out, usinunue CD zilizokaa kwa jua, punguza speed, na redio ya zamani ipewe audio CD. La pili, kama kuna mzee wako kwa simu, kwa kadi, kwa hard disk iliyovunjika, mtafute vile alikuwa anaongea. Na ukimpata, mjibu hata kama umechelewa.

Kama kuna mwenye njia nzuri ya kulinda CD isikwaruzwe na mtu asiyeona, aniandikie hapa chini. Na wewe ambaye una zako hujafungua, tuambie pia, usione aibu.

La mwisho ni la mods. Mtaona username yangu imebadilika kuanzia leo. Si typo. Msinirekebishie.

— Leuben, Matisi