Sahani ya Mtoto wa Jogoo

Kila tarehe kumi na tatu Agosti, nyumbani kwa Nediljka kisiwani Hvar, mezani huwekwa sahani moja zaidi ya idadi ya watu. Hutiwa kipande cha mkate na dagaa mmoja wa chumvi, kisha huondolewa vilevile ilivyokuwa, mkate ukaenda kwa kuku. Hakuna mgeni anayeuliza. Kijiji kizima kinajua ni sahani ya mtoto wa Jogoo.

Aliyeanzisha jambo hili ni mama yake, Kata. Mwaka 1944, vita vilipowaka pwani, maelfu ya watu wa visiwa walipakiwa melini, wakapitia Italia, wakashushwa Misri na kupewa mahema kwenye jangwa la Sinai, mahali paitwapo El Shatt. Huko ndiko Nediljka alikozaliwa, Jumapili ya tarehe kumi na tatu Agosti, siku ambayo mchanga ungeweza kukaanga yai. Juma lilo hilo Kata akashikwa na homa ya matumbo na maziwa yakakauka. Katika hema lao alikuwamo mwanamke wa kisiwa cha Brač, Mande wa Jogoo, aliyekuwa na mwanawe Vicko kifuani. Akampakata Vicko kulia, Nediljka kushoto, akawanyonyesha wote wawili kwa miezi minne. Kata alipotoka hospitali ya kambi alikabidhiwa binti mnene kama paka wa padri. Baada ya siku chache watu wa hema lile wakagawanywa, na wanawake wale wawili hawakuonana tena.

Jina la ukoo la Mande, Kata hakulijua. Visiwani nani analihitaji? Kijijini kwao karibu kila mtu ni Lušić, kwa hiyo nyumba hutambuliwa kwa majina ya utani: wa Kofia Mbili, wa Chungu, wa Bado Kidogo. Nediljka mwenyewe alikuwa tarishi kwa miaka thelathini na mmoja. Barua ya Ante Lušić ilikuwa ikimzungusha asubuhi nzima. Ya Ante wa Kofia Mbili ilifika kabla wino haujakauka.

“Sahani hiyo,” Kata alimwambia akiwa kitandani, mwaka aliokufa, “usiifungie kabatini mpaka mtoto wa Jogoo aje ailie mwenyewe.”

Alipostaafu, Nediljka akaanza kupanda feri kwenda Split, kwenye nyumba ya kumbukumbu ambako majalada ya kambi yamehifadhiwa. Mtunza nyaraka, msichana aitwaye Tihana, alimpa daftari la watoto waliozaliwa El Shatt. Akina Mande wa Brač waliojifungua humo walikuwa sita. Nediljka akawaandikia jamaa zao wote. Watano walijibu kwamba sio wao. Wa sita alimtumia chupa ya mafuta ya zeituni na kumwombea.

Akaendelea hivyo miaka kumi na mmoja.

“Mke wangu ana wivu wa maziwa,” mumewe, Tonči, aliwaambia wenzake kwenye uwanja wa kurusha tufe. “Ameninyonya mimi pensheni, sasa anamtafuta mwingine.”

“Ningekuwa nimenyonya kitu kwako, mzee, ningekufa njaa,” Nediljka akamjibu kutoka dirishani, na wazee wakaacha kurusha tufe wakacheka.

Lakini mwaka ule alikuwa anatimiza sabini na mitano, na Vicko, kama yuko hai, umri wake ni huohuo. Mwezi Juni akapanda feri tena.

“Shangazi,” Tihana akamwambia, “sina jipya. Labda nikuchekeshe tu. Kuna orodha ya mgao wa mkate wa hema moja, wataalamu wetu wameshindwa nayo. Wanasema ni watu wa bara, wa kijiji kisichojulikana, maana koo zao hazipo popote pale.”

Akaiweka mezani. Nediljka akavaa miwani. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mabega yakaanza kumtikisika.

“Shangazi, vipi? Nikuletee maji?”

“Koo gani hizi, mwanangu? Kofia Mbili, Bado Kidogo. Huu ni mtaa wetu!” Akafuta machozi ya kicheko. “Aliyeandika ni mwenzetu. Ameambiwa agawe mkate, kwenye hema kuna akina Kata Lušić wanne. Angeandika nini? Ameandika tunavyoitana.”

Kidole chake kikashuka. Chungu, Kata, na mtoto mmoja. Huyo mtoto ni yeye. Mstari uliofuata: Jogoo, Mande, na mtoto mmoja. Pembeni palikuwa na namba ya kitambulisho.

Tihana aliinuka mara moja. Alikwenda akarudi na daftari kuu, lile la namba. Namba ile ilikuwa ya Mande Martinić, mke wa mchonga mawe wa Pučišća, kisiwani Brač, mtoto Vicko, aliyezaliwa Bari, Italia, Machi 1944. Njiani, kabla ya kambi. Miaka kumi na mmoja walikuwa wakimtafuta kwenye daftari la waliozaliwa jangwani.

Akina Martinić wa Brač ni wengi kuliko mawe yenyewe. Nediljka hakuhangaika nao. Alipiga simu kwenye duka la mikate la Pučišća, akamwulizia Vicko wa Jogoo. Dakika tano baadaye simu yake ikalia.

“Nani ananitafuta?” Sauti ya mzee, kavu kama mawe ya kwao.

“Naitwa Nediljka, wa Chungu, kutoka Hvar. Mama yako aliwahi kukusimulia habari za hema moja...”

 Nediljka akaketi.

“Wewe ndiye wa ziwa la kushoto?” mzee akauliza.

“Ndimi.”

“Mama alisema ulikuwa na pupa. Alisema ulikuwa ukimaliza lako unanyoosha mkono kwenye langu.”

“Nilikuwa mgeni. Mgeni hupewa.”

“Miezi minne ni ugeni gani huo, dada?”

Neno hilo la mwisho lilimfanya aishike simu kwa mikono miwili.

Tarehe kumi na tatu Agosti Vicko alishuka kwenye feri akiwa na jogoo mdogo wa jiwe jeupe aliyemchonga kwa mkono wake. Yeye mwenyewe kwa kimo alimfikia Nediljka begani.

Tonči akawatazama wote wawili. “Shemeji, sasa naamini. Huyu mwanamke alikula chakula chako chote.”

Mezani Vicko alikataa kiti cha heshima. Alizunguka akaketi kulia kwa Nediljka, akavuta sahani iliyokuwa ikimngoja, akala mkate na dagaa, kisha samaki wa kuchemshwa na viazi, mara mbili. Mchuzi uliobaki akaukomba kwa ganda la mkate, taratibu, kama fundi anayelainisha ukingo wa jiwe.

Baadaye mkwe wa Nediljka alikuja kukusanya vyombo.

“Hiyo iache, binti yangu,” Nediljka akasema.

Akaipeleka mwenyewe jikoni. Kwa mara ya kwanza, sahani ile ilikuwa na mafuta. Aliiosha polepole, maji ya moto mara mbili, akaifuta, akafungua kabati.

“Dada,” Vicko akaita kutoka mezani, “viazi vimebaki?”

Nediljka akalifunga kabati na kurudi na sahani mkononi.