Yule wa Njano Hakuwa Mnana

Niliolewa Nyaishozi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na nilikuta minana wanatuchania migomba. Huchana majani wakapata nyuzi za kusukia viota, mgomba ukabaki mbavu tupu. Baba mkwe akamwagiza mdogo wake mume wangu aue kila ndege wa njano kwa manati.

Mvua za vuli ziliposhika, akaja ndege mwingine. Nilimsikia kwanza, juu ya mti wa mtoma ulioinamia kahawa, analia kama mtu anayejaribu filimbi. Siku ya tatu nikamwona. Njano yake ilikuwa nzito kama kiini cha yai la kienyeji, mabawa meusi, mdomo mwekundu uliofifia, na alama nyeusi kati ya mdomo na jicho. Migomba hakuigusa kabisa. Baada ya majuma machache akatoweka. Vuli iliyofuata akarudi.

"Huyo si mnana," nilimwambia shemeji. "Mtazame mdomo."

"Wa njano ni wa njano," akasema, akavuta manati mbele yangu.

Nilimwokota angali na joto. Kisu cha kumenyea ndizi kilikuwa karibu. Nikampasua. Tumbo lilijaa viwavi, walewale waliokuwa wanakula kahawa yetu. Nikamlaza kwenye jani la mgomba pamoja na mnana aliyeuawa asubuhi, nikaenda nao kwa baba mkwe. Kwetu mkamwana hamkaribii baba mkwe, sembuse kumhoji.

"Shikamoo, baba. Kati ya hawa, nani amechana migomba yako?"

Mama mkwe aliacha kumenya ndizi. Mzee akawageuza kwa kijiti, mmoja baada ya mwingine.

"Huyu sijapata kumwona."

"Kila mwaka anakuja. Hamtazami."

Alimkataza mwanawe kumpiga tena ndege wa aina ile. Jioni akamwita mume wangu, akamwambia mkewe hana adabu. Ikabidi nipige magoti niombe radhi. Niliomba radhi kwa ajili ya kupaza sauti mbele yake. Kuhusu ndege sikuomba, na mzee hakunidai.

Vuli iliyofuata hakuja yeyote. Ile ya pili akaja mmoja, kijani zaidi kuliko njano, nadhani jike. Shemeji ndiye aliyemwona kwanza, akaja mbio hadi jikoni kuniita. Nilitoka, nikatazama mpaka akaruka. Sikumshukuru shemeji.